Dawa ya Viroboto ya Mbwa Inapowekwa kwa Paka: Suala la Lebo, Duka na Msimamizi

Mwezi Februari 2023, taasisi mbili za Serikali ya Marekani, Wakala wa Ulinzi wa Mazingira, EPA, na Mamlaka ya Chakula na Dawa, FDA, zilitoa waraka wa pamoja uliogusa swali ambalo kwa mtu wa kawaida lingeonekana dogo: dawa inayodondoshwa shingoni mwa paka ili kuua viroboto ni dawa ya mifugo au ni kiuatilifu? Kwa miongo kadhaa jibu la nchi hiyo limekuwa kwamba inategemea. Bidhaa inayofanya kazi ikiwa juu ya ngozi na manyoya huhesabiwa kuwa kiuatilifu na husajiliwa na EPA. Inayomezwa, au inayopenya ngozi na kusambaa katika damu, ni dawa na iko chini ya FDA. Waraka huo ulieleza kuwa mgawanyo wa namna hiyo hauendani tena na bidhaa zilizopo sokoni, na ukafungua mjadala wa kuzihamishia bidhaa za kupaka wanyama chini ya msimamizi wa dawa.

Mjadala huo haukuzuka kwa sababu za kiofisi pekee. Nyuma yake ipo historia ya zaidi ya miaka 20 ya paka waliotetemeka, kupata degedege na kufa saa chache baada ya kuwekewa matone ambayo wenye paka hao waliyanunua kwa nia njema kabisa. Sehemu kubwa ya historia hiyo inahusu kemikali moja, permethrini, na kosa moja linalojirudia kutoka nchi hadi nchi: dawa iliyotengenezwa kwa ajili ya mbwa kuwekwa kwa paka.

Permethrini haina ugeni katika Afrika Mashariki. Asili yake ni ua la pareto, zao ambalo wakulima wa Nyanda za Juu Kusini na wa mikoa ya Kaskazini mwa Tanzania, pamoja na wenzao wa nyanda za juu za Kenya, wamelilima kwa vizazi kadhaa, na ambalo limeziweka nchi hizi mbili miongoni mwa wazalishaji wakubwa duniani. Sumu ya pareto huua wadudu upesi, lakini huharibika upesi pia inapopigwa na jua. Mwaka 1973 mkemia Michael Elliott na wenzake katika kituo cha utafiti cha Rothamsted nchini Uingereza walitengeneza kemikali inayofanana na ile ya pareto lakini inayostahimili mwanga. Hiyo ndiyo permethrini. Leo imo katika dawa za kupulizia mashambani, katika krimu ya kutibu upele wa binadamu, na katika nyuzi za vyandarua vya Olyset, ambavyo kiwanda cha A to Z cha Arusha kilianza kuvitengeneza mwaka 2003. Kwa binadamu na kwa mbwa kemikali hiyo ina rekodi nzuri ya usalama ikitumiwa ipasavyo. Kwa paka hali ni tofauti, na tofauti hiyo haitokani na udhaifu wa mnyama mmoja mmoja bali na maumbile ya jamii nzima.

Mwili wa mamalia wengi huziondoa kemikali za namna hii kwa msaada wa vimeng'enya vya ini, ambavyo huzibadilisha na kuziunganisha na vitu vinavyoyeyuka katika maji ili zitoke kwa urahisi katika mkojo na nyongo. Paka ana upungufu mkubwa wa baadhi ya vimeng'enya hivyo. Jeni inayopaswa kutengeneza kimojawapo ipo katika seli zake lakini imeharibika na haifanyi kazi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2011 ulikuta kasoro hiyo hiyo kwa spishi zote 18 za jamii ya paka zilizopimwa, wakiwemo wakubwa wa porini. Maelezo yanayokubalika zaidi ni kwamba wanyama wanaokula nyama tupu hawakuhitaji kwa mamilioni ya miaka kinga dhidi ya sumu za mimea, hivyo jeni hiyo ilipoharibika hakuna kilichoirekebisha. Ndiyo sababu pia kidonge kimoja cha parasetamoli, kitu kinachopatikana karibu katika kila nyumba, kinaweza kumuua paka.

Permethrini isipoondolewa mwilini kwa wakati hushambulia mishipa ya fahamu. Huifanya milango ya sodiamu katika seli za neva ibaki wazi kwa muda mrefu kuliko kawaida, na neva iliyopaswa kutuma ishara moja hutuma ishara mfululizo. Kinachoonekana kwa macho ni masikio na misuli ya uso inayocheza, mwili unaotetemeka, mate yanayotiririka, mboni zilizopanuka, mwendo wa kuyumba na, katika hali mbaya, degedege la mfululizo linalopandisha joto la mwili hadi kiwango cha hatari. Dalili huanza kwa kawaida ndani ya saa chache, ingawa wapo paka wanaozionyesha baada ya siku moja hadi tatu. Kuchelewa huko ni sababu mojawapo ya familia nyingi kutounganisha ugonjwa na dawa iliyowekwa juzi.

Kipimo ndicho kinachobeba uzito wote wa suala hili. Chandarua cha Olyset kina permethrini asilimia 2 ya uzito wake, nayo imo ndani ya nyuzi na hutoka kidogo kidogo. Krimu ya upele ina asilimia 5. Dawa za matone za mbwa huwa na kati ya asilimia 45 na 65. Mililita moja tu ya dawa yenye asilimia 45 ina miligramu 450 za permethrini, na paka mwenye uzito wa kilo 4.5 akiwekewa mililita hiyo atakuwa amepata miligramu 100 kwa kila kilo ya mwili wake, kiwango kinachohesabika kuwa cha kutishia maisha. Mililita moja haijazi hata kijiko cha chai. Mtu anayemhurumia paka na kumwekea "nusu tu" ya kipimo cha mbwa bado anaweza kuwa ameivuka mipaka ya usalama kwa mbali.

Takwimu zilizokusanywa katika nchi zenye mifumo ya kupokea taarifa zinaonyesha ukubwa wa tatizo. Nchini Uingereza, kituo cha taarifa za sumu kwa wanyama kilichopo London kilichapisha mwaka 2007 uchambuzi wa matukio 286 ya paka waliopata dawa za matone zenye permethrini. Karibu asilimia 97 walionyesha dalili, na takriban mmoja kati ya kila kumi alikufa au alilazimika kuuawa ili kumwondolea mateso. Nchini Australia, utafiti uliochapishwa mwaka 2010 uliwauliza madaktari wa wanyama kuhusu matukio waliyoyaona katika miaka miwili iliyotangulia. Walitaja paka 750, na kati yao 166 walikufa.

Ndani ya idadi hiyo ya Australia kuna jambo ambalo halipaswi kupita bila kutazamwa. Si paka wote 166 walioshindwa kupona kwa sababu tiba ilishindwa. Baadhi yao waliuawa kwa sababu wenye paka hawakuwa na uwezo wa kulipia matibabu yaliyotarajiwa. Paka mwenye degedege la permethrini huhitaji siku mbili au tatu za uangalizi wa karibu, dawa za kutuliza misuli na maji ya mishipani, na gharama hiyo hupita mara nyingi bei ya kile kichupa cha matone. Ikiwa hali ndiyo hiyo katika nchi yenye kipato kikubwa na hospitali nyingi za wanyama, ni wazi kwamba mahali ambapo hospitali za namna hiyo ni chache, kinga ndiyo tiba pekee ambayo wengi wataimudu.

Kwa nini kosa liendelee kutokea huku vifungashio vingi vikiwa na maandishi ya kukataza? Hapa ndipo uzoefu wa nchi hizo unapofundisha zaidi kuliko takwimu zenyewe. Dawa ya mbwa na ya paka mara nyingi hutengenezwa na kampuni moja, hubeba jina linalofanana, huwa na kifungashio cha rangi zinazokaribiana na hupangwa kwenye rafu moja. Katika maduka ya kujihudumia hakuna mtaalamu wa kuuliza. Mnunuzi huamini kwamba kilichoruhusiwa kuuzwa bila cheti cha daktari hakiwezi kuwa na madhara makubwa, na katika bidhaa nyingi imani hiyo ni sahihi. Ameshazoea pia kwamba mbwa mdogo na paka hulingana kwa uzito, na kwa kuwa kipimo kimeandikwa kwa kilo, anaona mantiki kukitumia kwa wote wawili. Onyo lililoandikwa kwa herufi ndogo upande wa nyuma wa boksi haliwezi kushindana na mantiki hiyo.

Marekani ilipitia njia hiyo kwa hatua. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 malalamiko yalielekezwa kwa matone ya kampuni ya Hartz yaliyokuwa yakiuzwa mahsusi kwa ajili ya paka, yenye fenothrini, ndugu wa permethrini, kwa kiwango cha zaidi ya asilimia 80. EPA ilianza kwa kudai maonyo makubwa zaidi kwenye lebo. Malalamiko hayakuisha, na mwaka 2005 ilitangazwa kwamba usajili wa bidhaa hizo za paka ungefutwa, na uuzaji wake ukakoma mwaka uliofuata. Tukio hilo lina umuhimu wake kwa sababu linaonyesha kwamba tatizo halikuwa uzembe wa wanunuzi peke yake. Bidhaa yenyewe, ikitumiwa kwa mnyama iliyekusudiwa, ilikuwa na kasoro, na ilichukua miaka kadhaa ya kurekebisha maneno kabla ya kukubalika kwamba maneno hayatoshi.

Mwaka 2009 EPA ilitangaza uchunguzi mpya baada ya taarifa za madhara kuongezeka. Kwa mwaka 2008 pekee ilikuwa imepokea taarifa zaidi ya 44,000 kuhusu mbwa na paka waliowekewa matone ya viroboto na kupe. Nyingi zilikuwa za muwasho wa ngozi na mambo madogo, lakini zilikuwamo pia za degedege na vifo. Machi 2010 matokeo yalitolewa: kupaka paka dawa ya mbwa kulikuwa miongoni mwa makosa makubwa, na mbwa wadogo walikuwa wakipata kipimo kikubwa kwa sababu makundi ya uzito yalikuwa mapana mno. Wakala huo ulidai lebo zilizo wazi zaidi, alama zinazotenganisha bidhaa za mbwa na za paka, majina yasiyofanana na makundi ya uzito yaliyobanwa.

Haitakuwa haki, hata hivyo, kuzitupa dawa zote za matone katika kapu moja. Fipronili, imidaklopridi na selamektini zimetumiwa kwa paka kwa miaka mingi, na kwa walio wengi hazikuleta shida. Madhara yake ya kawaida ni ya mahali ilipodondoshwa: ngozi kuwasha, manyoya kunyonyoka, rangi ya ngozi kubadilika. Paka anayejilamba baada ya kuwekewa anaweza kutokwa mate mengi ya povu kwa sababu ya uchungu wa dawa, hali inayowaogopesha watu lakini kwa kawaida hupita yenyewe. Kutofautisha mate ya uchungu na mate yanayoambatana na mtetemeko ni maarifa madogo yenye thamani kubwa, kwani la kwanza linaweza kusubiriwa nyumbani na la pili haliwezi.

Kizazi kipya cha dawa, kundi la isoksazolini, kimeleta mjadala wake. Septemba 2018 FDA ilitoa tahadhari kwa umma kwamba dawa za kundi hilo, zikiwemo Bravecto, Nexgard, Simparica na Credelio, zimehusishwa kwa baadhi ya mbwa na paka na mtetemeko wa misuli, kuyumba na degedege. Mamlaka hiyo haikuziondoa sokoni. Ilieleza kuwa zinabaki salama na zenye ufanisi kwa wanyama walio wengi, ikataka taarifa hiyo iandikwe kwenye lebo, na ikawashauri wenye wanyama kuzungumza na daktari, hasa pale mnyama aliyewahi kupata degedege anapohusika.

Mvutano mkali zaidi umehusu ukosi wa Seresto, unaovaliwa shingoni na kutoa dawa kwa miezi kadhaa. Baada ya vyombo vya habari vya Marekani kuripoti mwaka 2021 maelfu ya taarifa za madhara, EPA ilifanya mapitio na Julai 2023 ikaamua kuuacha sokoni kwa masharti, ikiwemo kuuwekea usajili kikomo cha miaka mitano na kudai taarifa za kina zaidi kutoka kwa kampuni. Februari 2024 ofisi ya mkaguzi mkuu wa wakala huo ilitoa ripoti iliyosema kuwa wakala haukuwa umefanya vya kutosha kubaini kama ukosi huo una hatari isiyokubalika kwa wanyama. Kwa lugha nyepesi, chombo kilichokaa na taarifa kwa zaidi ya miaka 10 kiliambiwa na mkaguzi wake kwamba kuzipokea si sawa na kuzitumia.

Takwimu za namna hii zina mtego pande zote mbili. Taarifa ya madhara si ushahidi kwamba dawa ndiyo iliyosababisha. Paka anaweza kuugua figo wiki ile ile aliyowekewa matone. Idadi kubwa ya taarifa inaweza kumaanisha bidhaa mbaya, au bidhaa iliyouzwa kwa wingi, au umma uliozinduliwa na gazeti. Kwa upande mwingine, ukimya si ushahidi wa usalama. Mahali ambapo hakuna anayeandika, paka watakufa na rejista itabaki safi. Nchi nyingi za Afrika ziko katika hali hii ya pili, na hiyo ndiyo sababu ya kuitazama historia ya Marekani, Uingereza na Australia kama hazina ya maarifa yaliyokwisha kulipiwa na wengine.

Tanzania ina vyombo viwili vinavyogusa eneo hili. Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, TMDA, iliyochukua sura yake ya sasa mwaka 2019, inasimamia dawa za binadamu na za mifugo. Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, TPHPA, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 2020, inasimamia viuatilifu. Bidhaa inayoua wadudu ikiwa juu ya mwili wa mnyama inasimama jirani kabisa na mpaka wa majukumu hayo mawili, pale pale ambapo Marekani imejikuta ikihangaika. Mnunuzi hapaswi kubeba mzigo wa kujua ni mamlaka ipi inayohusika. Anachostahili ni kukuta namba ya usajili kwenye kifungashio, maelekezo katika lugha anayoisoma na picha ya mnyama aliyekusudiwa, pamoja na ya yule asiyepaswa kuguswa na dawa hiyo.

Sura ya tatizo nchini, lakini, haitafanana kabisa na ile ya maduka makubwa ya Sydney au London. Paka wengi wa Tanzania hawanunuliwi matone ya kampuni za nje. Wanapopakwa kitu, kuna uwezekano mkubwa kitu hicho kikawa kimetoka katika dawa ya kuogeshea ng'ombe au mbuzi: saipamethrini au deltamethrini, zilizo za kundi moja na permethrini, au amitrazi, ambayo kwa ng'ombe ni mkombozi dhidi ya kupe lakini haifai kwa paka. Dawa hizi huuzwa katika maduka ya pembejeo kwa ujazo unaolenga kundi la mifugo, na mwenye paka mmoja hawezi kununua lita nzima. Pale anapopimiwa kidogo katika chupa ya maji au ya soda, lebo hubaki dukani. Jina la kemikali, kipimo cha kuchanganya, onyo na tarehe ya kwisha muda vyote hubaki dukani. Kampeni yoyote ya lebo bora itakuwa imemkosa mtu huyu, kwa kuwa lebo haikufika mikononi mwake. Muuza duka ndiye lebo yake, na elimu kwa wauza maduka wa pembejeo inastahili kutangulia mabango.

Kuacha kudhibiti viroboto si chaguo. Kiroboto cha paka, ambacho licha ya jina lake ndicho kinachowasumbua mbwa pia, hueneza minyoo ya tegu na bakteria wa homa ya mkwaruzo wa paka, na kwa vitoto vya paka kinaweza kunyonya damu hadi kuwaua kwa upungufu wake. Mbwa na paka hubeba pia funza wa miguuni. Wilaya ya Lushoto mkoani Tanga ilipambana na tauni katika miaka ya 1980 na 1990, ugonjwa unaosafirishwa na viroboto vya panya, na katika vita dhidi ya panya paka amekuwa upande wa binadamu tangu enzi za maghala ya kwanza ya nafaka. Wakazi wa Mji Mkongwe wa Zanzibar na wa Lamu, ambako paka wa mtaani ni wa kila mtu na si wa mtu, hawahitaji kuelezwa nafasi yake. Kwa paka wa namna hiyo, kuchana kwa kitana chenye meno ya karibu, kuanika matandiko juani, kufagia nyufa za sakafu na kufua kwa maji ya moto hupunguza viroboto zaidi ya inavyodhaniwa, kwa sababu sehemu kubwa ya viroboto katika nyumba haiko juu ya mnyama. Iko sakafuni kama mayai, viluwiluwi na vifuko.

Anayeamua kutumia matone anapaswa kutafuta neno moja katika orodha ya viambato. Kwenye lebo litaandikwa permethrin, na likionekana, bidhaa hiyo haipaswi kumgusa paka, hata kwa tone. Nyumba yenye mbwa na paka ina hatari ya ziada, kwani paka anayemlamba au kulala juu ya mbwa aliyewekewa dawa anaweza kudhurika bila mtu yeyote kumpaka kitu. Ushauri wa kawaida ni kuwatenganisha kwa saa 72. Bidhaa za bandia nazo zipo. Mwaka 2004 mamlaka za Marekani zilikuta sokoni nakala bandia za dawa maarufu za viroboto za Frontline na Advantage. Iwapo soko linalokaguliwa kiasi hicho lilipenyezwa, bidhaa inayouzwa mtandaoni kwa bei ya kutupwa bila kifungashio chake inastahili shaka.

Ajali ikitokea, muda una thamani kuliko dawa yoyote ya nyumbani. Hakuna dawa maalumu ya kuizima permethrini. Paka ambaye bado hajaanza degedege aogeshwe kwa maji ya uvuguvugu na sabuni laini ya vyombo, kisha akaushwe vizuri. Maji ya moto huongeza dawa inayopenya ngozini, na maji baridi hushusha joto la mwili na kuzidisha mtetemeko. Maziwa, ambayo katika nyumba nyingi ndiyo tiba ya kwanza ya kila sumu, hayasaidii, kwa kuwa sumu hii imeingia kupitia ngozi. Na mnyama anayetetemeka akinyweshwa kitu kwa nguvu anaweza kupaliwa. Anayepata degedege asiogeshwe kwanza, apelekwe moja kwa moja kwa daktari wa wanyama. Huko hupewa dawa za kulegeza misuli na kuzuia degedege, na katika miaka ya karibuni baadhi ya hospitali zimetumia pia mchanganyiko wa mafuta unaotiwa mshipani ili kuinasa kemikali hiyo, ambayo huyeyuka katika mafuta. Wanaowahishwa wengi hupona ndani ya siku chache, bila kilema.

Kila mwaka ifikapo 28 Septemba, Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, wataalamu wa mifugo hukutana ana kwa ana na wenye mbwa na paka kwa ajili ya chanjo. Ni nadra kupata mkusanyiko mwingine wenye wasikilizaji wanaofaa zaidi kwa somo hili, na halihitaji zaidi ya dakika mbili kwenye foleni. Kwa upande wa kumbukumbu, TMDA tayari ina utaratibu wa kupokea taarifa za madhara ya dawa, na daktari wa mifugo aliyempokea paka ndiye mtu wa kwanza wa kuianzisha taarifa hiyo. Ili iwe na manufaa inahitaji mambo machache: jina la bidhaa na la kiambato chake, namba ya toleo, kiasi kilichowekwa, uzito wa mnyama, saa iliyowekwa na saa dalili zilipoanza. Karibu yote hayo yameandikwa kwenye kifungashio au yanakumbukwa siku ile ile. Wiki moja baadaye kifungashio kinakuwa kimetupwa, na aliyepimiwa katika chupa ya soda hakuwahi kuwa nacho.